Muhula mmoja Ulaya: Kwa mwanafunzi wa Dzaleka, mtihani mgumu ni safari ya kurudi

Vyuo vikuu vya Ulaya vinaendelea kuwapokea wanafunzi kutoka Afrika, baadhi yao kwa muhula mmoja tu. Kwa vijana wazungumzaji wa Kiswahili waliokulia katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, nafasi hizo zinategemea jambo ambalo tangazo la ufadhili hulitaja mara chache: hati inayomruhusu msafiri kurejea alikotoka.

Kila mwaka wanafunzi wengi duniani huaga vyuo vyao kwa miezi minne, mitano au sita. Huenda Ulaya kusoma masomo machache, hutembelea miji miwili mitatu wakati wa likizo, kisha hurudi kumalizia shahada pale walipoianzia. Malawi nayo imo katika mpango huo. Kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya ambao mizizi yake ni ya mwaka 1987, chuo cha Malawi kinaweza kuingia mkataba na chuo cha Ulaya na kubadilishana wanafunzi. Anayechaguliwa hatozwi ada na chuo kinachompokea, na hupewa posho ya kujikimu. Viwango vilivyowekwa kwa kipindi kilichoanza mwaka 2021 ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea gharama za maisha katika nchi anakokwenda.

Kwa raia wa Malawi, hatua hizi zina usumbufu wake. Mwezi Februari 2024 Rais Lazarus Chakwera aliliambia bunge kwamba mfumo wa kutengeneza pasipoti ulikuwa umevamiwa na wadukuzi, na kwa wiki kadhaa waombaji walirudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo raia anajua kwamba pasipoti itatoka siku moja, na kwamba muhula utakapokwisha hakuna ofisa wa uwanja wa ndege wa Lilongwe atakayemuuliza kwa nini amerudi. Mkimbizi wa Dzaleka hana uhakika wa lolote kati ya hayo mawili.

Kambi iliyokuwa gereza

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kati ya kilomita 40 na 50 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili hivi. Leo wamo zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji, ingawa shuleni mtoto hukutana na Kiingereza na Kichewa, na wazazi wake huenda walisomea Kifaransa.

Sheria inayoyatawala maisha yao ni ya zamani kuliko kambi yenyewe. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwezi Desemba 1987, lakini ilitamka wazi kwamba baadhi ya ibara haitazihesabu kuwa wajibu. Ibara ya 22 kuhusu elimu, ambayo pia inagusa utambuzi wa vyeti vya kigeni, nafuu ya ada na utoaji wa ufadhili wa masomo, Malawi iliihesabu kuwa pendekezo tu. Kuhusu ibara ya 26, inayohusu uhuru wa kutembea, ilijiwekea haki ya kuchagua mahali ambapo mkimbizi ataishi na kumwekea mipaka ya mwendo kwa sababu za usalama wa taifa na utulivu wa umma.

Haki hiyo imekuwa ikitumiwa. Mwezi Aprili 2021 serikali iliwataka wakimbizi wote waishio mijini warejee Dzaleka, agizo ambalo Mahakama Kuu ililisimamisha kwa muda. Mwezi Machi 2023 agizo likatolewa upya, na tarehe 15 Aprili ikawekwa kuwa siku ya mwisho. Mwezi uliofuata polisi waliingia mitaani Lilongwe, wakawakamata mamia ya watu, watoto wakiwemo, na kuwapeleka kambini. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR, liliitaka serikali iutafakari upya uamuzi huo, likisema kambi tayari ilikuwa imefurika.

Miezi miwili baadaye, Julai 2023, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, Rais Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitaingizwa katika shule za Malawi. Wazungumzaji wa lugha hiyo walio wengi zaidi nchini humo walikuwa wameshajazwa katika kambi moja ya Dowa.

Kwa hali hiyo, mkimbizi anayetoka Dzaleka kwenda Chilinde, mtaa wa Lilongwe, kumjulia hali ndugu yake au kutafuta mahali penye intaneti ya uhakika, huhitaji kibali cha kutoka kambini, na huweza kusimamishwa njiani akionyeshe. Mtu huyo huyo akifanikiwa kupata visa ya masomo na kibali cha ukaaji katika nchi moja ya eneo la Schengen, anaweza kwa kanuni kutembelea nchi nyingine za eneo hilo, zilizofikia 29 baada ya Bulgaria na Romania kuingia kikamilifu Januari 2025. Safari ya basi ya saa moja ina masharti makali kuliko treni ya kutoka Bologna hadi Vienna.

Muhula wa kubadilishana una nanga mbili

Kutoka nje si tatizo pekee. Ugumu unaanzia katika maana ya muhula wa kubadilishana wanafunzi. Mpango wa namna hii husimama juu ya nanga mbili: chuo kinachomtuma mwanafunzi na chuo kinachompokea. Kabla ya safari, pande tatu hutia saini makubaliano ya masomo, yaani mwanafunzi na vyuo vyote viwili. Chuo cha nyumbani huahidi kuyatambua masomo yatakayofanyika ugenini. Ubalozi, unapopima ombi la visa, huangalia kama mwombaji ana mahali pa kurudi: familia, kazi, shahada inayomsubiri.

Mwanafunzi wa Dzaleka mara nyingi hukosa nanga ya kwanza. Wengi hawasomi katika chuo kikuu cha Malawi; wanasoma wakiwa kambini, kwa njia ya mtandao. Tangu mwaka 2010 mpango wa Wajesuiti unaojulikana sasa kama Jesuit Worldwide Learning umekuwa ukitoa elimu ya juu Dzaleka kwa ushirikiano na vyuo vya nje. Stashahada yake ya kwanza ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Ni mpango ulioheshimiwa kwa kuipeleka elimu mahali ambapo mwanafunzi hawezi kutoka. Lakini mkataba wa Erasmus+ kati ya chuo cha Malawi na chuo cha Ulaya haumhusu mtu ambaye chuo chake kiko Denver na darasa lake liko Dowa.

Wapo wachache wanaosoma katika vyuo vya Malawi vyenyewe. Shirika la There is Hope, lililoanzishwa na Innocent Magambi ambaye mwenyewe aliwahi kuishi Dzaleka kama mkimbizi, ni miongoni mwa yanayowalipia vijana masomo ya chuo. Serikali ya Ujerumani, kupitia mpango wa DAFI wenye jina la Albert Einstein na ulioanza mwaka 1992, hufadhili wakimbizi wasome katika nchi zilizowapa hifadhi. Wanafunzi hawa ndio walio karibu zaidi na muhula wa Ulaya, kwa kuwa wana chuo cha kuwatuma. Wanachokosa ni nanga ya pili ya aina yake: uhakika wa kisheria kwamba Malawi itawapokea tena.

Hati yenye mistari miwili

Uhakika huo una maandishi yake. Ibara ya 28 ya Mkataba wa 1951 inazitaka nchi ziwape wakimbizi waishio humo kihalali hati za kusafiria nje ya mipaka, isipokuwa pale ambapo sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma zinazuia. Kijitabu hicho hutambulika kwa mistari miwili ya mshazari kwenye pembe ya juu ya jalada. Katika orodha ya ibara ambazo Malawi ilijitenga nazo mwaka 1987, ibara ya 28 haimo. Serikali iliyojiwekea haki ya kumzuia mkimbizi asikae Chilinde haikujitoa katika wajibu wa kumpa hati ya kwenda ng'ambo.

Nyongeza ya mkataba huo inaeleza zaidi, na vipengele vyake vina uzito kwa anayepanga kuondoka kwa muhula. Hati hudumu mwaka mmoja au miwili. Kwa kipindi chote cha uhai wake, nchi iliyoitoa inalazimika kumpokea mwenye hati akirudi. Lakini kuna mwanya: katika mazingira ya pekee, au pale ambapo ukaaji wa mkimbizi umeruhusiwa kwa muda maalumu, nchi inaweza kupunguza muda wa kurudi, mradi usiwe chini ya miezi mitatu. Muhula wa Ulaya huchukua miezi minne au mitano. Mwanafunzi anayeondoka Septemba akiwa na hati iliyowekewa ukomo wa miezi mitatu ya kurudi, atajikuta Desemba, mitihani ikiwa haijaanza, akiwa hana tena ahadi ya kupokelewa.

Ndiyo maana wanaoshughulikia safari za wanafunzi wakimbizi husisitiza mambo matatu kabla ya tiketi kununuliwa. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya hati, ambayo inapaswa kuvuka siku ya kurudi kwa miezi kadhaa. Nchi za Schengen hutaka hati iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka katika eneo lao kwa mwenye visa ya muda mfupi. La pili ni ukurasa unaoeleza haki ya kurejea na ukomo wake. La tatu ni kama hati inasomeka kwa mashine. Tangu Novemba 2015 viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, haviruhusu tena pasipoti zisizosomeka kwa mashine, na UNHCR imekuwa ikizihimiza nchi zifuate viwango hivyo kwa hati za wakimbizi pia. Kijitabu kilichojazwa kwa kalamu kinaweza kuwa halali kwa mujibu wa mkataba na bado kikakataliwa kwenye dawati la shirika la ndege.

Juu ya hayo, kila nchi ya Ulaya huamua yenyewe inatambua hati za wakimbizi za nchi zipi. Hati inayokubaliwa Roma si lazima ikubaliwe katika kila mji mkuu mwingine. Na mara nyingi ombi lenyewe la visa huanzia mbali. Ubalozi wa Italia unaoihudumia Malawi uko Lusaka, Zambia. Mkimbizi ambaye haruhusiwi kulala Lilongwe anaweza kulazimika kuvuka mpaka wa nchi nyingine kabla hajauona mlango wa ofisi ya visa.

Njia zilizo wazi, na zinakoelekea

Kwa sababu muhula wa kwenda na kurudi una vikwazo hivi, njia nyingi zilizobuniwa kwa ajili ya wakimbizi ni za safari ndefu zaidi.

Mfano ulio karibu na Dzaleka ni UNICORE, mpango wa Italia wa kuwapitisha wakimbizi kwenda vyuo vikuu. Ulianza mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Bologna kwa wanafunzi wachache waliokuwa wakimbizi nchini Ethiopia, kisha ukapanuka hadi vyuo vingi vya Italia. Mwaka 2022 Malawi iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo wakimbizi wake waliweza kuomba. Washiriki ni pamoja na UNHCR, wizara ya mambo ya nje ya Italia, Caritas Italiana na Diaconia Valdese. Mpango huu hugharimia shahada ya uzamili ya miaka miwili, na mwanafunzi huingia Italia kwa visa ya masomo, wala si kwa njia ya kuomba hifadhi.

Sharti lake kubwa ni shahada ya kwanza iliyokwisha kupatikana. Hapo ndipo wengi hukwama. Kwa takwimu za UNHCR, ni takriban asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu mwaka 2023. Hayo ni maendeleo ikilinganishwa na asilimia 1 iliyotajwa miaka michache kabla ya hapo, lakini ni chini ya nusu ya lengo la asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Njia ya Italia inaanzia ghorofa ya pili, wakati wengi wa Dzaleka bado wanatafuta ngazi ya kufika ghorofa ya kwanza.

Canada ina njia tofauti. Shirika la WUSC limekuwa likiwapeleka wanafunzi wakimbizi katika vyuo vya Canada tangu mwaka 1978, na Malawi ni mojawapo ya nchi inakowachagua. Anayechaguliwa huingia akiwa na ukaaji wa kudumu. Swali la kurudi halimkabili, kwa sababu safari yake ni ya kuhamia. Ni njia inayopendwa sana Dzaleka kwa sababu hiyo, na nafasi zake ni chache kwa sababu hiyo hiyo.

Thamani ya njia hizi imepanda tangu Januari 2025, pale Rais Donald Trump wa Marekani aliposimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Familia za Kikongo zilizokuwa zimesubiri miaka mingi usaili na vipimo vya afya ziliona mlango ukifungwa. Elimu, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa nyongeza ya matumaini ya kuhamishwa, kwa baadhi ya vijana imebaki kuwa tumaini lenyewe.

Cheti kilichobaki Uvira

Kikwazo kingine hakihusu mipaka ya nchi. Mwanafunzi aliyemaliza sekondari Bukavu au Uvira kisha akakimbia mapigano, huenda cheti chake kilibaki nyumbani au kiliungua. Chuo cha Ulaya kinataka kuona alama. Wizara iliyozitoa iko katika nchi ambayo mkimbizi anaogopa kuwasiliana nayo, na kurudi huko kufuata cheti kunaweza kutumiwa kama ushahidi kwamba hahitaji tena hifadhi.

Hapa kuna hatua zilizopigwa. Baraza la Ulaya lilianzisha mwaka 2017 pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi: mwombaji huhojiwa na wataalamu wa tathmini, hueleza masomo aliyosoma, na hupewa waraka unaoeleza kiwango chake kinachokadiriwa. UNESCO ilifuata kwa mpango unaofanana na huo, na Zambia, jirani wa Malawi, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019, ulianza kutumika Machi 2023, na una kipengele kinachowahusu wakimbizi wasio na vyeti mkononi.

Waraka wa namna hii hauchukui nafasi ya cheti wala haumhakikishii mtu kupokelewa. Unachofanya ni kumpa ofisa wa chuo sababu ya kuendelea kusoma ombi badala ya kulifunga kwenye ukurasa wa kwanza.

Kutembea Ulaya: uhuru wenye karatasi

Kwa anayefanikiwa kufika, Ulaya ina ratiba yake. Nchini Italia, aliyeingia kwa visa ya masomo ya muda mrefu hutakiwa kuomba kibali cha ukaaji ndani ya siku nane za kazi. Hupewa risiti, na kibali chenyewe kinaweza kuchukua miezi. Ndani ya Italia risiti humlinda. Nje ya Italia, risiti peke yake haihesabiwi na nchi nyingine za Schengen kuwa kibali, na visa ikiwa imekwisha muda, safari ya wikiendi kwenda Paris inaweza kuishia mikononi mwa polisi wa mpakani.

Mwenye kibali kamili na hati ya kusafiria inayotambuliwa anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Uswisi imo katika eneo hilo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Anayetaka kuwaona ndugu London au Dublin atahitaji visa nyingine kabisa. Na ukaguzi wa mipakani, uliodhaniwa kuwa historia, umerudi: Ujerumani iliuanzisha upya katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Mwanafunzi mwenye hati isiyo ya kawaida ndiye anayesimamishwa kwa muda mrefu zaidi, hata kama kila mhuri uko mahali pake.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 kuhusu wanafunzi wa kigeni, isiyotumika Denmark na Ireland, inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi angalau saa 15 kwa wiki. Aliyehitimu anaweza kubaki angalau miezi tisa kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Kwa kijana aliyetoka mahali ambapo haruhusiwi kuajiriwa kwa uhuru, kipengele hiki ni kizito kuliko ufadhili wenyewe.

Kijana huyo pia habebi mikono mitupu. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, Napoli, Paris, Leiden na London. Chuo kinachompokea mzungumzaji wa Kiswahili cha Kivu, chenye matamshi na msamiati ambao vitabu vya sarufi havijautaja kwa ukamilifu, kinapokea pia ujuzi ambao maktaba zake hazina.

Hoja ya Lilongwe

Serikali za Malawi zilizofuatana zimekuwa na hoja zao, na hazifai kupuuzwa. Malawi ni mojawapo ya nchi maskini zaidi duniani, ardhi yake ni finyu kwa idadi ya watu wake, na wafanyabiashara wazawa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba maduka ya wageni yanawabana mitaani na vijijini. Maofisa wametaja pia usalama, wakisema baadhi ya watu hujificha miongoni mwa wakimbizi. Nchi inayolemewa na bei ya mahindi na uhaba wa fedha za kigeni ina sababu ya kuuliza kwa nini ibebe peke yake mzigo ambao wafadhili wanaupunguza.

Lakini hati ya kusafiria haimnyang'anyi mfanyabiashara wa Chilinde mteja hata mmoja. Mwanafunzi anayeondoka kwa muhula hapangi chumba wala hafungui duka Lilongwe. Analipiwa na wengine, anapunguza kwa miezi kadhaa idadi ya watu kambini, na akirudi anarudi na ujuzi. Hata kwa hesabu ya serikali inayotaka wakimbizi wachache zaidi, mhitimu mwenye masomo ya Ulaya ana nafasi kubwa ya kupata njia halali ya kuendelea na maisha yake kwingine kuliko aliyekaa miaka ishirini akisubiri mgao.

Tatizo la sera ya sasa ni kwamba inamsukuma mwanafunzi upande mmoja tu. Anayejua kwamba akirudi atafungiwa Dowa bila kazi, na kwamba hati yake huenda isiongezewe muda, ana kila sababu ya kutorudi. Mabalozi wanalijua hilo, nao hukataa visa kwa hofu kwamba mwombaji atabaki. Kwa njia hiyo, mlango wa kurudi unapofungwa Lilongwe, mlango wa kuingia hufungwa Ulaya, na anayeumia ni yule aliyekusudia kwa moyo wote kwenda muhula mmoja na kurejea kwa mama yake.

Kinachoweza kubadilika

Mageuzi makubwa, kama kuiondoa sera ya kambi au kuzifuta tahadhari za mwaka 1987, yanahitaji bunge na ujasiri wa kisiasa. Hatua zinazomhusu mwanafunzi ni ndogo zaidi. Idara ya uhamiaji inaweza kutoa hati zinazosomeka kwa mashine zenye uhai wa miaka miwili na haki ya kurejea isiyopunguzwa, kwa kila mwenye barua ya kukubaliwa chuoni. Vyuo vya Malawi vyenye mikataba ya Erasmus+ vinaweza kutamka kwamba mwanafunzi mkimbizi aliyesajiliwa ana haki sawa ya kushindania nafasi. Nchi za Ulaya zinaweza kuikubali hati hiyo kwa kauli moja, na kupokea maombi Lilongwe badala ya kumpeleka mwombaji Lusaka.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji mkataba mpya, kwa kuwa Malawi ilikwisha kuikubali ibara ya 28 miaka mingi kabla wanafunzi wa leo hawajazaliwa. Kwa familia ya Dzaleka inayomwandaa mtoto kwa usaili wa chuo, ushauri wa sasa unabaki kuwa wa kiutendaji: kabla ya kusherehekea barua ya ufadhili, isomwe tarehe ya mwisho iliyo kwenye hati ya kusafiria, na usomwe ukurasa unaosema ni lini na kwa masharti gani mwenye hati anaweza kurudi.